Kufuta rekodi hakupunguzi ukubwa wa faili

Watunza stoo wengi wanaotumia Microsoft Access, programu ya kompyuta ya kuhifadhi kumbukumbu kwenye majedwali, tuseme kwenye ghala la mahindi pale Kibaigwa, huamini kwamba ukifuta rekodi za msimu uliopita, faili hupungua papo hapo. Ni rahisi kuamini hivyo, maana jedwali linaonekana tupu. Lakini nafasi ya rekodi zilizofutwa hubaki ndani ya faili, kama magunia matupu yaliyoachwa ghalani, mpaka utumie amri ya kubana na kurekebisha faili (Compact and Repair).

Jaribu mwenyewe. Tengeneza nakala kwanza, tafadhali hatua hii usiiruke. Tazama ukubwa wa faili, futa rekodi, funga, tazama tena. Kisha bana, ulinganishe. Kikomo cha faili moja ni GB 2. Ukikifikia, mzigo mpya hauingii.