Mrija wa Shingoni Si wa Kudumu: Dhana Potofu Kuhusu Kusafisha Damu

"Sista, mimi huu wa shingoni unanitosha. Kukatwa mkono sitaki, utapooza nishindwe kulima." Haya, ya kung'ang'ania mrija wa shingoni na kukataa upasuaji mdogo wa mkono wa kutengenezewa njia ya kudumu ya mashine ya kusafisha damu, nayasikia kwa wagonjwa wa figo kutoka Tukuyu, Mbozi, Chunya na hapa hapa Mbeya mjini. Wengi wameshalishwa maneno hayo na majirani kabla hata ya kuonana na daktari wa upasuaji. Hakuna dhana inayonikera kama hii, maana inaondoka na watu ambao mashine ingewaweka hai miaka mingi.

Katheta ya shingoni, yaani huo mrija unaopeleka damu kwenye mashine na kuirudisha, ni ya dharura. Ncha yake moja iko karibu na moyo, nyingine iko nje ya ngozi. Vijidudu vikipenya humo vimeshaingia kwenye damu, hakuna cha kuvizuia. Mgonjwa anakuja anatembea mwenyewe, anaunganishwa, na nusu saa haijaisha anaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana, homa imepanda. Ndugu wanasema ni baridi ya Mbeya, wengine malaria. Jamani, wa kwanza kushukiwa ni mrija! Katheta ya muda haitakiwi kukaa zaidi ya wiki 2 hivi. Ile inayopitishwa chini ya ngozi hukaa miezi, lakini nayo hupata maambukizi. Tena mirija ya kuweka na kutoa huacha makovu ndani ya mshipa mkubwa, mshipa ukasinyaa. Siku ukija kukubali fistula, yaani ile njia ya mkononi, mkono unavimba kwa sababu damu imekosa njia ya kurudi.

Fistula ya mkono (si ile ya uzazi) ni ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha moyoni) kuunganishwa, mara nyingi karibu na kifundo cha mkono au kwenye kiwiko, kwa kawaida kwa ganzi ya mkono tu. Vena ya kawaida haina uwezo wa kuipa mashine mililita 300 za damu kwa dakika. Ikishapokea msukumo wa ateri hutanuka na ukuta wake kuwa mnene, ikahimili sindano 2 kila unapokuja, mara 3 kwa wiki. Kukomaa huko huchukua wiki 6 hadi miezi 3, kwa hiyo anayesubiri mpaka azidiwe lazima apitie shingoni kwanza. Wala si jambo la majaribio: Brescia, Cimino na wenzao waliueleza upasuaji huu huko Marekani mwaka 1966, na mpaka leo kwa wagonjwa wengi ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa.

Na kupooza? Wachache, hasa wenye kisukari, hupungukiwa damu kiganjani kwa sababu nyingi inapita kwenye fistula. Hilo lipo na lina matibabu. Juni na Julai vidole vya kila mtu huku ni baridi, basi linganisha mikono yote miwili. Ukiona wa fistula peke yake ni baridi, umepauka, una ganzi au unauma, wahi hospitali. Wakulima wengi hurudi shambani kidonda kikishapona.

Ninalomsisitizia kila mtu ni hili: ukiambiwa figo zinaelekea kushindwa, anza siku hiyo kuulinda mkono usioandikia. Anayetaka kukutundikia dripu mwambie, "Dada, huu tunautunza kwa ajili ya fistula, naomba utoboe mgongo wa kiganja cha mkono mwingine." Asikununie mtu. Ukishafanyiwa, kila asubuhi kabla ya kunawa uso gusa pale: unatakiwa kusikia mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti ikiita mfukoni. Usipousikia, usingoje zamu yako ya mashine, njoo siku hiyo hiyo. Damu iliyoganda ikiwahiwa mara nyingi huondolewa. Mkono huo haupimwi presha, haulaliwi, hauning'inizwi ndoo. Na yale masweta ya lastiki inayobana mkononi, legeza lastiki.

Zipo na dhana nyingine. "Mashine inanimaliza damu." Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kama robo lita. Kwa saa 4 damu inatoka na kurudi mfululizo, na mwishoni iliyobaki kwenye mashine tunakurudishia kwa kuisukuma na maji ya chumvi. Wagonjwa wa figo hupungukiwa damu hasa kwa sababu figo zimeacha kutoa homoni inayochochea utengenezaji wake.

"Ukiianza hutoki." Wapo wanaotoka: figo zilizozimika ghafla kwa malaria kali au kwa kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua zinaweza kuamka. Zilizokufa kwa presha au kisukari cha miaka mingi zilikufa kabla hujaiona mashine.

"Nimesafishwa jana, leo nakula chochote." Huku kwetu hili ni hatari, maana chakula chetu ni ndizi, viazi na parachichi, vyote vimejaa potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo husimama. Mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, bila mashine, ndiyo mabaya zaidi. Viazi menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, kisha chemsha tena kwa maji mapya, na ule kidogo. Parachichi halina ujanja huo, liache mpaka mtaalamu wa lishe aone vipimo vyako.