"Sitapiga kura" si sawa na "nimejiondoa"

Zabuni ya ujenzi wa soko iko mezani, na diwani mmoja ana hisa katika kampuni iliyoomba kazi hiyo. Anachangia mjadala, anambana mtaalamu kwa maswali kuhusu mwombaji wa pili, anatikisa kichwa kila hoja isiyompendeza inapotolewa. Kura inapoitishwa ndipo anaposema, "Mimi sitapiga, nina maslahi." Anaketi akiamini ametenda uungwana. Hajatenda! Ushawishi wake umeshafanya kazi kabla mkono wowote haujanyooshwa.

Dhana hii, kwamba kutopiga kura ni sawa na kujiondoa, inachosha kwa sababu wanaoishikilia zaidi ni madiwani wakongwe. Kutopiga kura ni hiari ya mwenye haki ya kupiga: hajaridhika na taarifa, hataki kuunga mkono wala kupinga, basi anajizuia. Kujiondoa ni wajibu wa mtu ambaye, kwa ajenda hiyo moja, hastahili kuwa mwamuzi. Wa kwanza anakaa, anajadili na anahesabiwa. Wa pili hatakiwi hata kuwepo.

Soma ajenda makabrasha yanapokufikia, si ukiwa umeshaketi ukumbini. Tangaza maslahi kwenye kipengele chake mwanzoni mwa kikao, au papo hapo ukigundua katikati. Kusema "nina maslahi binafsi" tu hakutoshi. Taja kama ni hisa, deni, ajira ya mwenzi wako au kiwanja kinachopakana na eneo linalopangwa upya. Kisha toka kabla mwenyekiti hajafungua mjadala. Kuhamia viti vya wananchi nyuma ya ukumbi bado ni kukaa mahali wenzako wanapokuona uso. Karani naye aandike jina, namba ya ajenda, aina ya maslahi, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mistari hiyo miwili ya muhtasari ndiyo itakayotafutwa kwanza uamuzi ukipingwa mahakamani.

Zipo kanuni zinazomruhusu mwenye maslahi yasiyo ya fedha kubaki, au kutoa maelezo kama mwananchi mwingine yeyote kisha atoke. Soma za baraza lako. Ukikuta hazisemi lolote, toka.

Wajibu huu unaanzia kwenye kamati. Aliyeijadili zabuni katika kamati ya fedha na kumpigia simu mhandisi, halafu akatoka siku ya baraza zima, ametoka kwa mguu mmoja. Wala msijitetee kwamba "kura yangu isingebadilisha matokeo". Hata hoja ikipita kwa kura 11 dhidi ya 3, uamuzi unaweza kubatilishwa kwa sababu tu mwenye maslahi alishiriki kuufikia.

Dhana nyingine ni kwamba kura isiyopigwa haina athari. Inategemea wingi unaotakiwa, na hapo wengi hawasomi kanuni hadi mwisho wa sentensi. Chukua baraza la madiwani 15. Waliohudhuria ni 10: watano wanasema ndiyo, watatu hapana, wawili hawapigi. Kanuni ikitaka wingi wa waliopiga kura, hoja imepita, 5 kati ya 8. Ikitaka wingi wa waliohudhuria, zilihitajika 6, imeanguka. Ikitaka wingi wa wajumbe wote, zilihitajika 8, imeanguka vilevile. Katika hali hizi mbili za mwisho, wale wawili walionyamaza wameiangusha hoja kama vile wamesema hapana. Asiyetaka kuiangusha hoja aulize kiwango kabla ya kura, si baada ya matokeo. Baadhi ya mabaraza hayaruhusu kabisa kujizuia bila sababu, na hapo kimya kinaweza kuhesabiwa kwa namna iliyoandikwa kwenye kanuni, pengine hata kama ndiyo.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili uamuzi ufanyike, nayo inachanganywa. Anayejizuia yumo kwenye akidi kwa sababu yupo. Aliyejiondoa, katika kanuni nyingi, hahesabiwi kwa ajenda ile. Akidi ikiwa 8 na waliopo ni 8, mmoja akitoka wamebaki 7 na ajenda hiyo haiwezi kuamuliwa. Karani mzuri hupiga hesabu hii siku moja kabla na kuwasihi wengine wahudhurie.

Zimebaki dhana tatu. "Kutangaza maslahi ni kukiri kosa." Si kweli. Kosa ni kuficha.

"Kila maslahi yanamtoa diwani." Hapana. Kodi ya majengo inayowagusa wenye nyumba wote wa jiji kwa kiwango kimoja haimtoi mtu, vinginevyo ukumbi ungebaki mtupu. Lami inayowekwa mbele ya nyumba yako na ya majirani wawili ni jambo jingine.

"Kura zikifungana, hoja inaahirishwa." Kura zikifungana hoja imeanguka, kwa kuwa haikupata wingi, isipokuwa kanuni zimempa mwenyekiti kura ya uamuzi naye akaitumia kuipitisha. Na mwenyekiti mwenye maslahi katika ajenda hiyo hana kura yoyote, ya kawaida wala ya uamuzi: anakiachia kiti naibu wake kabla ya mjadala, na anatoka kama diwani mwingine yeyote.