Meli za mvuke zenye msukumo wa umeme: maana yake, na kwa nini zilifaa kubeba ndizi

Ukisikia "meli ya umeme" leo, fikra huenda kwenye betri. Miaka ya 1920 na 1930 maana ilikuwa nyingine kabisa. Meli ilikuwa na boila zake na mvuke wake kama kawaida. Kilichobadilika ni njia ambayo nguvu ya mvuke ilipita hadi kuifikia rafadha, lile panga linalozunguka majini chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli. Mvuke ulizungusha tabaini, tabaini ikazungusha jenereta, umeme ukapita kwenye nyaya nene hadi kwenye mota, na mota ndiyo iliyozungusha rafadha.

Kwa nini safari ndefu hivyo? Tatizo lilikuwa kasi. Tabaini ni gurudumu lenye mapanga mengi linalosukumwa na mvuke, nalo hufanya kazi vizuri likizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Rafadha kubwa hutaka mizunguko mia moja na kitu tu. Ikienda mbio mno huyavuruga maji na nguvu nyingi hupotea bure. Lazima pawe na kitu cha kupunguza kasi katikati. Gia ziliweza, lakini meno yake makubwa yalihitaji kuchongwa kwa usahihi ambao viwanda vichache viliumudu wakati huo, tena zilipiga kelele.

Basi umeme wenyewe ukafanywa gia. Chukua jenereta yenye ncha 2 za sumaku inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, uiunganishe na mota yenye ncha 60. Mota itazunguka mara 100 hivi. Kasi imepungua mara 30, na hakuna jino lililogusana na jingine. Kwangu mimi huu ndio uzuri wenyewe wa dhana hii.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo nahodha aliipenda zaidi bandarini. Tabaini huzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo meli ya gia ilibeba tabaini ya pili, yenye nguvu pungufu, ya kurudi nyuma. Kwenye meli ya umeme, swichi zilibadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, mota ikageuka, na meli ikarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Mota pia iliweza kuwekwa karibu na tezi, mbali na boila, hivyo shafti, ule mhimili unaozungusha rafadha, ikawa fupi na nafasi ya shehena ikaongezeka.

Mhandisi William Le Roy Emmet wa General Electric ndiye aliyeupigania mfumo huu Marekani. Jeshi la majini liliujaribu kwenye Jupiter, meli ya kubebea makaa iliyoanza kazi mwaka 1913. Mwaka 1921 kiwanda cha Workman Clark cha Belfast kilikamilisha San Benito, meli ya matunda yenye mfumo huo, ya kampuni ya United Fruit.

Ndizi ni abiria mgumu. Zilizosafirishwa wakati huo zilikuwa Gros Michel, ile inayoitwa bogoya kule Uganda, na zilipakiwa mikungu mizima bila maboksi. Ndizi hukatwa mbichi lakini huendelea kupumua na kutoa joto tumboni mwa meli, na mkungu mmoja ukianza kuiva huiharakisha mingine. Zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 12 au 13 hivi: chini ya hapo ganda hupauka na tunda huharibika, juu ya hapo huiva kabla ya bandari. Kwa hiyo mafeni yaliyosukuma hewa baridi hayakupaswa kusimama, na meli ilibidi iende haraka. Meli ya umeme, yenye nafasi zaidi ya shehena na nguvu zote za kurudi nyuma bandarini, iliifaa kazi hiyo.

Kati ya 1931 na 1933 United Fruit ilipata meli sita za aina moja zenye mfumo huo, zikiwemo Talamanca, Antigua na Veragua. Kila moja ilichukua abiria karibu mia moja pamoja na ndizi, na kwenda zaidi ya maili 17 za baharini kwa saa. Zilikuwa na rafadha mbili, kila moja na mota yake. Zilipakwa rangi nyeupe, inayorudisha jua la Karibi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nyingi kati yake zilichukuliwa na jeshi la majini la Marekani kubeba vyakula.

Abiria walifaidi utulivu: gia hazikuwepo kuvuma chini ya vyumba vyao. Kampuni ya meli ya Uingereza, P&O, ilitumia mfumo huo kwenye meli yake Viceroy of India mwaka 1929, na Normandie ya Ufaransa, mwaka 1935, ilikuwa na mota nne zenye jumla ya nguvu farasi 160,000.

Dosari yake ilikuwa uzito, bei, na nguvu iliyopotea kila ilipogeuzwa kuwa umeme na kurudishwa kuwa mzunguko. Gia zilipoboreka, meli mpya za mvuke zikarudi kwenye gia. Wazo lenyewe halikufa. Vichwa vya treni vya dizeli vya SGR kati ya Mombasa na Nairobi hufanya vivyo hivyo: injini huzungusha jenereta, na mota zilizo chini ndizo zinazozungusha magurudumu.