Orodha ya vinasaba haiandikwi usiku wa mwisho

Ijumaa moja, muda mfupi kabla ya adhana ya adhuhuri, aliingia ofisini kwangu hapa Tanga kijana mtafiti, mkoba wa kompyuta begani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu kiti." Hakukaa. Alikuwa na ombi la hataza la kupeleka Geneva Jumatatu, wakili wake kamwambia kilichobaki ni "ile orodha ya vinasaba tu", na basi la kurudi Dar es Salaam alikuwa amekata la saa tisa. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Nikamwambia, kwa orodha hii, mwanangu, umekuja leo lakini hutaondoka leo. Aliondoka Jumapili jioni.

Nimekuwa nikisaidia watafiti kuandaa maombi ya hataza kwa miaka kadhaa, na hilo neno "tu" nalisikia kila mara. Naomba nilieleze hapa kwa kituo, kwa sababu ukanda wetu huu una maabara na vijana wanaosoma vinasaba vya vimelea, mbu, mifugo na mimea, na wengi wao hukutana na orodha hii kwa mara ya kwanza siku ambayo muda umekwisha.

Hataza ni mapatano. Mvumbuzi anauweka uvumbuzi wake hadharani, na dola inampa haki ya kuwazuia wengine wasiutumie bila idhini yake kwa muda maalumu. Aliyebuni mashine ya kukamua nyuzi za mkonge atachora mashine yake na kueleza kila gurudumu. Aliyebuni kipimo cha malaria kinachotegemea vipande vya DNA hana gurudumu la kuchora. Alichonacho ni herufi: a, c, g, t, zikifuatana kwa mpangilio ambao ndio uvumbuzi wenyewe. Mkaguzi wa hataza hawezi kuzisoma kwa macho akajua kama kuna mtu aliyewahi kuzitaja mahali pengine. Kompyuta ndiyo itakayozilinganisha na hifadhidata za dunia, na kompyuta haielewi jedwali ulilolibandika katikati ya ukurasa wa 17 wa maelezo yako.

Ndiyo maana kuna kiwango cha kimataifa cha kuiandika orodha ya mifuatano hiyo ya herufi. Kinaitwa ST.26, na kimewekwa na WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, lenye makao yake Geneva. Kilianza kutumika tarehe 1 Julai 2022, kikachukua nafasi ya ST.25 kilichokuwa cha maandishi ya kawaida. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kuwasilisha ombi lenyewe. Kama ombi lako la mwanzo liliwasilishwa 2021 kwa mtindo wa zamani, na leo unawasilisha ombi jipya linaloegemea hilo la mwanzo, orodha yako lazima iwe ya ST.26. Kijana wangu hakuwa na tatizo hili, lakini nimeona waliokuwa nalo.

Faili la ST.26 ni la aina ya XML. Jina lisikutishe. Fikiria kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Mtu yeyote wa pwani akiikunjua anajua pa kutazama ili asome jina, hata kama kanga hiyo hajaiona kabla. XML ni hivyo hivyo, kila taarifa ina mahali pake penye alama ya kufungua na ya kufunga: hapa mwombaji, hapa kichwa cha uvumbuzi, hapa mfuatano wa kwanza, urefu wake, aina yake, herufi zake. Ukiandika kwa mkono ukasahau alama moja, faili zima linaweza kukataliwa. Kwa hiyo usiandike kwa mkono.

Ipo programu ya kazi hiyo, WIPO Sequence, na hutolewa bure na WIPO wenyewe. Unaipakua na kuiweka kwenye kompyuta yako, iwe ya Windows, Mac au Linux. Ikishakaa, inafanya kazi bila intaneti, na data yako inabaki kwako. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote, kwa sababu watafiti wetu wana mazoea ya kubandika mifuatano yao kwenye tovuti zozote zenye kitufe cha kutafuta. Kabla ombi halijapokelewa, mfuatano wako ni siri yako. Kiswahili hakimo katika lugha za programu hii, nalo ni jambo la kusikitisha, lakini sehemu zake ni chache na mtu huzizoea ndani ya siku moja.

Unafungua mradi, unajaza jina la mwombaji na kichwa cha uvumbuzi, kisha unaingiza mifuatano. Ukiwa na faili la FASTA, yaani faili la maandishi la kuhifadhia mifuatano, kutoka maabara, programu inalipokea lilivyo. Baada ya hapo ndipo maswali yanapoanza, na ndipo kijana wangu alipokwama.

Swali la kwanza: nini kinaingia? Yeye alikuwa na praima kumi na nne, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, na vipande vitatu vya protini. Kanuni inasema mfuatano wa DNA au RNA wenye nyukleotidi (zile herufi zake) 10 au zaidi zilizotajwa bayana lazima uorodheshwe, na wa protini wenye asidi amino (viungo vya protini) 4 au zaidi zilizotajwa hivyo. Chini ya hapo hauruhusiwi kuingia kabisa. Herufi n, yenye maana ya "nyukleotidi yoyote", na X, yenye maana ya "asidi amino yoyote", hazihesabiwi. Kipande chake kimoja kilikuwa na herufi tano, lakini mbili kati yake ni X. Kikatoka, na namba za vilivyokifuata zikabadilika, ikabidi maelezo ya uvumbuzi yapitiwe ukurasa kwa ukurasa ili kila namba ilingane na orodha. Hapo ilikuwa tayari ni Ijumaa usiku.

La pili: aina ya molekuli, na imetoka kwa kiumbe gani? Kila mfuatano lazima ujibiwe hivyo. Kama ni kipande cha jeni la Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, unataja hivyo. Kama praima umeibuni na kuiagiza kiwandani, haijatoka kwa kiumbe chochote hata ikiwa inafanana na jeni la kimelea, na kiwango kina neno lake maalumu la kitu kilichoundwa na binadamu. Kijana alikuwa ameandika kimelea kwenye zote kumi na nne.

La tatu ni dogo ila huwachanganya wengi. RNA ina u badala ya t, lakini katika ST.26 unaandika t, na ile taarifa ya aina ya molekuli ndiyo inayosema kwamba hapo isomwe u. Protini nazo huandikwa kwa herufi moja moja, si tatu tatu kama zamani.

Ukimaliza, programu inakagua na kukupa ripoti yenye makosa na tahadhari. Makosa lazima yarekebishwe. Tahadhari zinakuachia uamuzi mwenyewe, na naomba uzisome, kwa sababu vijana huziruka kama matangazo ya mwanzo wa video.

Lakini ripoti safi si ushahidi kwamba orodha yako ni ya kweli. Programu inapima umbo. Haijui kwamba kwenye daftari la maabara herufi ya 212 ni g na wewe umeweka a. Nililijifunza hili kwa maumivu. Katika mojawapo ya kazi zangu za mwanzo tulinakili mfuatano kutoka kwenye PDF ya ripoti, na mahali ukurasa ulipokatika zikadondoka herufi sita. Ukaguzi ukapita bila kosa hata moja. Tuligundua baada ya ombi kupokelewa, na baada ya hapo huwezi kuongeza jambo ambalo halikuwemo siku ile. Tangu wakati huo sinakili kutoka PDF wala kutoka Word. Nataka faili lililotoka kwenye mashine, na mtu wa maabara akae karibu yangu.

Je, usipoiweka orodha? Kwa ombi la kimataifa, ofisi inayofanya upekuzi, yaani kutafuta kama uvumbuzi ulishajulikana, inaweza kukutaka uilete na kukutoza ada ya kuchelewa. Usipoileta, sehemu ya uvumbuzi inayohitaji mifuatano hiyo inaweza isipekuliwe. Ikiwa ndani ya ombi tangu mwanzo katika XML, kurasa zake hazitozwi ada, hata ziwe maelfu. Na kwa kuwa Tanzania bado imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, waombaji wote wakiwa raia na wakazi wa nchi za namna hiyo, ada ya kimataifa ya kuwasilisha hupunguzwa kwa asilimia 90. Wengi hawalijui hili.

Kuorodhesha mfuatano hakumaanishi kuumiliki. Jenomu, yaani vinasaba vyote, ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu humnasa na ambaye Tanga ina hifadhi ya bahari kwa jina lake, ilichapishwa mwaka 2013 na iko wazi kwa wote. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba DNA ya asili haipewi hataza kwa kule kutengwa tu.

Asili ya sampuli nayo ina uzito wake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau la huku kwetu. Ua hilo leo liko madirishani duniani kote kwa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Tarehe 24 Mei 2024 wanachama wa WIPO walipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aliyeegemea rasilimali za kijenetiki ataje nchi zilikotoka. Programu haikulazimishi kuijaza nchi kwenye orodha, lakini daftari lako liwe nayo.

Jumapili, saa kumi jioni, ilibaki praima ya tisa ambayo hakuna aliyekumbuka kama ndiyo iliyotumika au ni ile iliyoshindwa jaribio. Ikabidi apigiwe simu dada mmoja wa maabara, akatoka nyumbani kwake kwenda kufungua daftari, akatusomea herufi moja moja kwenye simu huku kijana akizifuata kwa kidole kwenye kioo. Ilikuwa ndiyo.

Wiki iliyopita kanipigia tena. Ana ombi jingine, la mwezi wa kumi. Nikamuuliza, praima umeshaziingiza? Akasema sita zimo, mbili bado anazijaribu.