Msiweke Brazil upande huu na Marekani upande ule

Kila mwaka baridi inapoanza kulegea huku Marekani, waandaaji wa matamasha ya majira ya joto huanza kupiga simu. Wanataka jioni za muziki wa Brazil na Marekani, wanataka mpiga gitaa, na wanataka nisaidie kupanga nyimbo. Wengi hunitumia karatasi iliyokwisha kugawanywa katikati: Brazil kwanza, mapumziko na vinywaji, halafu Marekani. Mimi huanza kwa kuufuta huo mstari wa katikati.

(Neno "majira ya joto" lenyewe ni la upande mmoja. Julai huko Brazil ni kipupwe, na tamasha kubwa la muziki wa okestra la Campos do Jordão, linalofanyika mwezi huohuo, huitwa tamasha la majira ya baridi. Joto lao linakuja na karnivali.)

Wenye shaka mimi huwaambia waanze na Louis Moreau Gottschalk. Alizaliwa New Orleans mwaka 1829, akawa mpiga piano wa kwanza wa Marekani kupata jina Ulaya, na akafia Rio de Janeiro Desemba 1869, wiki chache tu baada ya kuongoza tamasha lililojaza jukwaa kwa mamia ya wanamuziki. Aliwaachia Wabrazil fantasia ya piano juu ya wimbo wao wa taifa, ambayo wapiga piano wao bado wanaipiga. Huyo utamweka upande gani wa karatasi?

Lakini sababu yenyewe iko kwenye mdundo. Gonga meza mara nane kwa mwendo mmoja. Rudia, safari hii ukitia nguvu pigo la kwanza, la nne na la saba. Tatu, tatu, mbili. Mgawanyo huo umo katika vipande vya Gottschalk, umo katika mkono wa kushoto wa tango za Kibrazil za mpiga piano Ernesto Nazareth, na umejificha katikati ya St. Louis Blues ya W. C. Handy ya mwaka 1914. Haukuruka kutoka Rio hadi New Orleans kwa bahati. Bandari zote mbili zilipokea Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Rio walishushwa kwenye gati la Valongo, na New Orleans walicheza ngoma zao Jumapili kwenye uwanja uliokuja kuitwa Congo Square.

Ndiyo maana sishangai kwamba mwaka 1917 ulileta samba na jazi kwa pamoja. Karnivali ya Rio mwaka huo iliimba Pelo Telefone, wimbo ambao mwanamuziki Donga alikuwa ameuandikisha kuwa samba mwishoni mwa 1916. Miezi hiyohiyo, bendi ya Original Dixieland ilitoa New York sahani ya santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi. Hata ugomvi unafanana. Wanamuziki waliokuwa wakikusanyika nyumbani kwa Tia Ciata, mama wa Rio, walisema wimbo wa Donga ulikuwa wa wote. Na bendi ile ilikuwa ya Wazungu, waliouchukua muziki kutoka kwa Weusi wa New Orleans.

Bossa nova, samba iliyopunguzwa ikawa ya sauti ya chini na gitaa, ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Mwaka 1958 mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto alirekodi Chega de Saudade, na cha kusikiliza pale ni mkono wake wa kulia. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, pigo kwa pigo, bila kuyumba: hiyo ni surdo, ngoma kubwa ya samba. Cha shahada, cha kati na cha pete vinachomoa nyuzi nyembamba kwa pamoja, mara kabla ya pigo, mara baada yake: hiyo ni tamborim, kingoma kinachopigwa kwa kijiti. Kikosi kizima cha samba kimeingia ndani ya gitaa moja. Juu yake sauti inaimba kwa upole, ikichelewa kidogo au ikitangulia, na gitaa haliifuati.

Mpiga gitaa wa Marekani Charlie Byrd alizuru Amerika ya Kusini mwaka 1961 kwa gharama ya serikali ya Marekani, akarudi Washington na nyimbo hizo. Tarehe 13 Februari 1962 yeye na mpiga saksofoni Stan Getz walirekodi Jazz Samba katika ukumbi wa kanisa la All Souls, mjini humohumo, kwa kikao kimoja. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikashika nafasi ya kwanza katika chati ya jarida la Billboard la Marekani. Naipenda saksofoni ya Getz, lakini ngoma zimejaa mno kwa masikio yangu. Machi 1963 Getz alipoketi na Gilberto mwenyewe, mtunzi Jobim akiwa kwenye piano na Milton Banana kwenye ngoma, kila kitu kilishuka mahali pake.

Sasa upeleke muziki huo bustanini saa tisa mchana. Nyuzi za nailoni zinalegea juani, upepo unaingia kwenye maikrofoni, fundi anapandisha sauti, gitaa linaanza kuvuma, na wimbo ulioumbwa kwa ajili ya sebule unapigiwa watu wanaochoma nyama. Mchana wapeni choro, muziki wa ala wa Rio, ya filimbi na kavakinyo (kigitaa cha nyuzi nne), ikipokezana na ragtime, muziki wa piano wa Marekani, ya Scott Joplin. Zote zinasikika vizuri nje. Jua likipungua, kikosi cha samba na bendi ya matarumbeta ya New Orleans, ambao hata umeme ukikatika wataendelea. Bossa nova iingie ndani, usiku, watu wakiwa wamekaa.

Mdhamini akiing'ang'ania Garota de Ipanema, ile The Girl from Ipanema ya Kiingereza, sikatai. Ila ile sahani ndogo ya 1964 iliyouzwa dunia nzima ilimkata João na beti zake za Kireno, ikambakiza mwimbaji Astrud Gilberto na Kiingereza. Kwenye tamasha langu Kireno kinaanza, beti zote, na saksofoni inasubiri zamu yake.