Serikali ya Marekani inapofungwa: tunayoambiana na yanayozikuta familia

Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, sehemu kubwa ya shughuli za serikali kuu ya Marekani ilisimama kwa siku 43 kwa kukosa bajeti, muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya nchi hiyo hadi hapo. Rekodi ya awali ilikuwa siku 35, Desemba 2018 hadi Januari 2019, kwenye ugomvi wa fedha za ukuta wa mpaka wa Mexico. Safari hii Wademokrat walikataa kupitisha bajeti ya muda mpaka ziongezewe muda ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinaisha mwishoni mwa mwaka. Warepublikan wakasema serikali ifunguliwe kwanza, hayo mengine yatazungumzwa baadaye. Muswada ulihitaji kura 60 kati ya 100 za Seneti, na hakuna chama kilichokuwa nazo peke yake.

Vyombo vya habari vilihesabu nani kashinda na nani kashindwa. Kinachoniuma mimi ni tarehe. Familia ya kawaida huishi kwa tarehe: ya mshahara, ya kodi ya nyumba, ya kadi ya chakula kujazwa. Vyama vikikwamisha bajeti, tarehe hizo huvurugika, na hata fedha zikija baadaye, siku zilizopita zimeshapita na madeni yake. Mengi tunayoambiana kuhusu jambo hili, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za jamaa walio nyumbani, hayagusi hapo.

“Serikali ikifungwa, kila kitu hufungwa”

Hapana. Pensheni za wazee huendelea kulipwa kwa sababu zina sheria yake ya kudumu, hazisubiri bajeti ya kila mwaka. Posta hujiendesha kwa mapato yake. Idara inayoshughulikia maombi ya green card na uraia huendeshwa zaidi na ada za waombaji, kwa hiyo nayo iliendelea, kama ilivyokuwa kwa viza na pasipoti kwenye balozi. Kama jamaa yako Nairobi au Dar es Salaam aliambiwa asiende kwenye usaili wake wa viza eti kwa sababu serikali imefungwa, alidanganywa.

“Si watalipwa wote baadaye?”

Hii ndiyo dhana inayosemwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Sheria iliyopitishwa Januari 2019 inaagiza watumishi wa serikali kuu walipwe malimbikizo yao mkwamo ukiisha. Mwaka 2025 takriban watumishi milioni 1.4 walikosa mishahara. Karibu nusu yao waliambiwa wabaki nyumbani, na waliosalia waliambiwa waje kazini vilevile: waongoza ndege, wakaguzi wa mizigo viwanjani, walinzi wa magereza.

Sasa tazama kalenda ya mmoja wao. Watumishi hawa hulipwa kila baada ya wiki mbili. Kwa wengi, mshahara wa karibu na tarehe 10 Oktoba ulikuja pungufu, kwa sababu ulihusu siku za Septemba tu. Wa karibu na tarehe 24 haukuja. Novemba mosi kodi ya nyumba ikadaiwa. Mshahara wa wiki ya kwanza ya Novemba nao haukuja. Mwenye nyumba hana sheria ya kumlazimisha asubiri Seneti. Ana mkataba wenye faini ya kuchelewa. Kampuni ya mkopo wa gari nayo ina wake. Ukijaza pengo kwa kadi ya mkopo, riba inaanza kuhesabiwa, na malimbikizo yatakapokuja yatakuwa mshahara uleule, bila senti ya kufidia riba hiyo. Januari 2019 waongoza ndege walisambaza picha za karatasi zao za mshahara, na kwenye mstari wa mwisho, pale panapoandikwa kiasi cha kupokea, pameandikwa dola 0.00. Watu hao walikuwa wametoka zamu, wameongoza ndege zenye abiria.

Tena hao ndio wenye uhakika. Kuna wanaofanya kazi ndani ya majengo ya serikali lakini wameajiriwa na makampuni ya kandarasi: wafagiaji, walinzi wa mlangoni, wapishi wa kantini. Jengo likifungwa, kampuni hailipwi, na wao hawalipwi. Sheria ya 2019 haiwahusu. Siku walizokosa kazi zimepotea moja kwa moja. Hizi ndizo kazi ambazo wahamiaji wengi huanzia, watu wetu wakiwemo, na ndizo zinazotoa ada ya mtoto aliyeko Bukavu au Mombasa. Ninaposikia mtu akisema “watalipwa”, huwaza hawa.

“Kadi ya chakula haiguswi”

Wanaosema hivi wanakumbuka 2019, na wanakumbuka nusu. Mwaka ule Wizara ya Kilimo ilitumia mwanya wa kisheria kuzijaza mapema kadi za SNAP, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kununua chakula: fedha za Februari ziliwekwa kufikia tarehe 20 Januari. Watu wakadhani ni nyongeza. Kumbe fedha hizo zilitakiwa zifike mpaka Machi, na kuna familia zilizokaa zaidi ya siku 40 bila kuona kitu kipya kwenye kadi.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi. SNAP ilikuwa inahudumia watu wapatao milioni 42, takriban mmoja kati ya kila wanane nchini humo. Wastani wake ulikuwa kama dola 190 kwa mtu kwa mwezi, dola sita na ushei kwa siku. Kadi hazijazwi zote siku moja. Kila jimbo lina mpangilio wake, mara nyingi kwa tarakimu za mwisho za namba ya faili au herufi ya kwanza ya jina, na orodha hutumwa siku kadhaa kabla kwa kampuni inayoingiza fedha kwenye kadi. Oktoba hiyo wizara iliyaambia majimbo yasitume orodha za Novemba.

Tarehe 31 Oktoba majaji wawili, mmoja Massachusetts na mwingine Rhode Island, waliamua kwamba serikali ina mfuko wa dharura na haiwezi kuukalia watu wakilala njaa. Serikali ikasema italipa sehemu tu. Tarehe 6 Novemba jaji wa Rhode Island akaamuru ilipe zote. Siku iliyofuata majimbo kadhaa, Wisconsin na Oregon yakiwemo, yakawahi kujaza kadi kikamilifu, na usiku huohuo amri ile ikasimamishwa kwa muda katika Mahakama ya Juu ya nchi. Kesho yake wizara ikayataka majimbo yaliyolipa yote yatengue malipo hayo. Kwa hiyo familia mbili zenye kipato kilekile na watoto wanne kila moja zilitofautiana kwa sababu moja tu, zinaishi jimbo gani: moja ilinunua chakula, nyingine ilipanga foleni kwenye benki ya chakula.

Salio la kadi huchapishwa kwenye risiti. Mama anayepanga manunuzi kwa salio hilo analijua mpaka senti. Akifika kwa keshia na maziwa, mchele na kuku, halafu kadi ikakataa, anaanza kurudisha kimoja kimoja mbele ya watu walioko nyuma yake kwenye foleni, na mtoto anauliza kwa nini. Hakuna malimbikizo yanayolipa dakika hizo.

Hapa kuna jambo ambalo wakimbizi wa Kongo na wengine wanaozungumza Kiswahili huko wanahitaji kulitenganisha. Wapo waliodhani kadi zao zitarudi serikali ikifunguliwa, na hazikurudi. Sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card. Hilo halikutokana na mkwamo wa bajeti. Mambo mawili yaligongana katika majira yaleyale, na watu wakachanganyikiwa. Aliye katika hali hiyo aulize ofisi ya jimbo lake au shirika lililompokea, na akishapata green card aombe upya.

“Angalau serikali inaokoa fedha”

Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba mkwamo wa 2018–2019 ulilipunguzia pato la taifa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazikurudi tena. Kwa mkwamo wa wiki sita wa 2025 makadirio yake yalikuwa dola bilioni 11 zisizorudi. Mwaka 2013, serikali ilipofungwa kwa siku 16, ililipa takriban dola bilioni 2 za mishahara kwa siku ambazo watu walizuiwa kufanya kazi waliyokuwa tayari kuifanya. Sijui akiba iko wapi hapo.

“Wabunge nao hukosa mishahara”

Hawakosi. Katiba inaagiza walipwe. Baadhi hujitolea kuzuia mishahara yao au kuipeleka kwa wahitaji, na hilo ni jema, lakini wasaidizi wanaopokea simu ofisini mwao husubiri kama wengine.

“Ni shida ya watu wa Washington”

Zaidi ya asilimia 80 ya watumishi wa serikali kuu wanaishi nje ya eneo la mji mkuu. Na Novemba 2025, waongoza ndege walipopungua kazini, mamlaka ya anga iliamuru safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Aliyekuwa anakwenda kumzika mzazi wake alikwama pamoja na aliyekuwa anakwenda kutalii.

“Ndivyo Katiba inavyotaka, imekuwa hivi tangu zamani”

Katiba ya Marekani inasema fedha zisitoke Hazina bila sheria ya Bunge. Lakini katika miaka ya 1970 bajeti ilichelewa mara kadhaa na ofisi ziliendelea kufanya kazi zikisubiri. Kilichobadilisha mambo ni maoni ya kisheria ya Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti, mwaka 1980 na 1981, aliyesoma upya sheria ya karne ya 19 na kusema idara isiyo na bajeti lazima isimame, isipokuwa kwa kazi za kulinda maisha na mali. Maana yake mlango huu uliwekwa na watu, na Bunge linaweza kuuondoa.

Nchi nyingine zimepanga tofauti. Ibara ya 222 ya Katiba ya Kenya inaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha matumizi hadi nusu ya makadirio wakati sheria ya matumizi ya mwaka haijakamilika. Tanzania, Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Hiyo haina maana kwamba wananchi wa huku wamesalimika. Mwaka 2019 Seneti ya Kenya ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa likashikilia 310, na wakavutana hadi Septemba walipokubaliana 316.5. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai, na watumishi wa kaunti, wauguzi miongoni mwao, walisubiri mishahara.

“Serikali ikifunguliwa, ugomvi umeisha”

Sheria iliyosainiwa usiku wa tarehe 12 Novemba ilihakikisha fedha za SNAP hadi Septemba 2026, lakini idara nyingi zilipewa bajeti hadi tarehe 30 Januari 2026 tu. Ruzuku za bima zilizoanzisha ugomvi wote hazikuwemo, na ziliisha tarehe 31 Desemba 2025. Shirika la utafiti wa afya la KFF lilikadiria kwamba wanaozitumia wangepanda, kwa wastani, kutoka kulipa dola 888 kwa mwaka hadi dola 1,904. Kwa hiyo kuna familia zilizokosa mishahara miwili Oktoba na Novemba, zikapokea malimbikizo, zikalipa faini za kodi ya nyumba, halafu Januari zikafungua bili ya bima iliyozidi maradufu.