Kidonda cha kisukari mguuni: kutouma ndiyo hatari yenyewe

Swali: Kwa nini wenye kisukari hupata vidonda miguuni?

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na damu nayo haifiki vizuri. Mguu unakufa ganzi. Mtu anachomwa na mwiba shambani, kandambili inamchubua, hana habari. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata kuhusu wagonjwa waliong'atwa na panya usingizini wasishtuke.

Swali: Changu hakiumi. Naweza kusubiri tumalize mavuno?

Usisubiri. Hakiumi kwa sababu mguu umekufa ganzi, si kwa sababu kidonda ni kidogo. Wagonjwa wanaotufikia kidole kimeshakuwa cheusi husema hivyohivyo: "Kilikuwa hakiumi." Nenda zahanati leo. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto, ukinuka, au wewe ukipata homa, usilale nyumbani.

Swali: Wazee wanasema nimekanyaga kitu, nianzie kwa mganga.

Kwa heshima zote kwa wazee, huko ndiko wiki zinakopotelea na mguu unakoozea. Pima sukari kwanza. Hakiumi? Ndiyo maana nakuhimiza uende leo.

Swali: Nikimwagia unga wa kapsuli?

Acheni jamani! Unga unaganda juu, usaha unaendelea kutafuna chini. Majivu na kinyesi cha ng'ombe huleta vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Wala usiukande mguu kwa maji ya moto; mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua.

Swali: Sina hela. Tiba gani nafuu?

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kisawazishwe, yapoe kabisa. Osha, funika kwa gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda) kama ulivyoelekezwa zahanati. Nyama iliyokufa aikate mhudumu, si wembe wa nyumbani. Dawa za vijidudu ukiandikiwa, maliza dozi. Za sukari usiache. Kisha usikanyagie kidonda. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kimefungwa vizuri asubuhi, mchana mtu yuko shambani na jembe. Fundi seremala wa kijijini akuchongee magongo.

Swali: Nitajuaje kama mguu una ganzi?

Fumba macho. Mtu akuguse kidogo tu kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mguu uko hatarini hata kama hauna kidonda. Kagua nyayo kila jioni, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na usiende pekupeku hata chooni.